Duara la Njano Kwenye Majani ya Maharagwe

Ochieng' mdogo wangu,

Hamjambo huko nyumbani Migori? Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, tangu mkeo Akoth aende kwao, umejifunza kusonga ugali au bado unakula uji mzito na kujidanganya? Mimi ni mzima huku Uholanzi, baridi tu inanitafuna masikio. Lakini leo hata baridi siisikii. Soma barua hii polepole, kisha umsomee Mama, maana habari niliyo nayo ni kubwa kuliko simu.

Unajua kazi yangu hapa maabara ni kuotesha maharagwe na kuyaambukiza ugonjwa makusudi. Ulinicheka sana: "Yaani umepanda ndege kwenda kuua maharagwe?" Ndiyo, na Jumanne nimeyaua vizuri ajabu! Tunamchunguza bakteria mmoja anayeishi kwenye majani. Huyu hutengeneza sumu yake mwenyewe, na ana vimeng'enya vya kazi hiyo tu, mafundi wadogo wasioonekana. Ni kama wachimba dhahabu wa Osiri: mmoja anachimba, mwingine anasaga mawe, mwingine anaosha. Kila kimeng'enya kinafanya sehemu yake na kumpasia mwenzake, mpaka sumu inakamilika. Sumu hiyo inazuia jani kujitengenezea kitu muhimu kwa uhai wake, nalo linageuka njano. Bakteria mwenyewe hadhuriki, mjanja yule, ana kinga yake. Tena hufanya kazi kukiwa na baridi. Joto likizidi, mafundi wote wanalala.

Basi nilichoma majani kwa sindano. Mengine niliyapa bakteria mzima, mengine bakteria tuliyemnyima kimeng'enya kimoja tu. Jumanne asubuhi nikaenda kutazama. Yule aliyenyimwa alikuwa ameacha kidoa cha kahawia, basi. Lakini yule mzima! Kila doa lilikuwa na duara la njano, pana, linang'aa. Nilipiga kelele mpaka mkubwa wangu, mama mmoja mpole sana, akaja mbio akidhani nimejikata na kioo.

Sikupiga kelele kwa ajili ya kazi tu, Ochieng'. Duara lile nililifahamu. Nilitoa simu nikafungua picha za shamba letu ulizonitumia wakati wa mvua ndefu, nikaziweka kando ya jani. Ni lile lile.

Sasa kumbuka maneno yako: "Atis, hii shamba imeisha yote. Ni Akoth, alipanda kabla ya Mama." Ni kweli, mvua ilinyesha Mama akiwa matangani Homa Bay, na Akoth akapanda kipande cha nyuma ya nyumba yenu. Desturi yetu ya golo kodhi inataka mama mwenye boma aanze kutia mbegu ardhini, ndipo wake za wanawe wafuate. Majani yalipogeuka njano, nyote mkasema ni mwiko umevunjwa, na Akoth akarudishwa kwao Rangwe.

Lakini kuna jambo ulilitaja ukalipita: mistari miwili uliyopanda kwa mbegu ulizonunua Kehancha ilibaki kijani. Shamba ni lile, mvua ni ile, na kosa la Akoth ni lile. Kilichotofautiana ni mbegu. Bakteria huyu hujificha ndani ya mbegu, na mbegu nyingine zote zilitoka kwenye chungu cha Mama cha kuhifadhia mbegu. Hata Akoth alipewa hizo hizo. Mama asijilaumu, ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya mbegu nzuri kwa macho. Picha si kipimo, kwa hiyo mpelekee afisa wa kilimo mbegu zilizobaki azipime. Maharagwe mliyovuna pikeni mle, ila msiyapande. Na msimu ujao Mama aanze yeye kupanda kama kawaida, kwa mbegu safi. Desturi yetu siidharau.

Nina langu la kukiri. Mama alinipigia akaniuliza, "Wewe ndio umesoma. Akoth akae ama aende?" Nikamjibu, "Aende kwanza, mambo itulie." Mimi, mwenye koti jeupe! Naona aibu mpaka nalia. Jana nilimpigia Akoth nikamwomba radhi. Akasema tu, "Nimesikia, dada."

Nisalimie baba mdogo Okello, fundi wetu wa baiskeli, na jirani yetu nyanya Robi anayetuuzia maziwa. Mwambie Mama nampenda na sijamkasirikia.

Nawe usimpigie Akoth simu. Aliondoka mchana na begi lake, soko zima likimtazama. Nenda Rangwe mchana, umbebee begi hilo, na urudi naye ukipita katikati ya soko lile lile.

Dada yako, aliyekosa pamoja nanyi,
Atieno