Fahali wa Raundabauti

Kiambere
3 Machi 2024

Mpendwa mwanangu Njura,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila kifua cha baba yako kinamsumbua. Wewe huko Mombasa u mzima? Nakuandikia kwa sababu simu ni yake, na tangu uache mifugo ukafinyange sanamu za saruji, hataki jina lako lipite humo. Lakini binamu yako Adrian alimwonyesha picha ya fahali wako wa raundabauti. Baba akauliza, "Ile alama yetu ya sikio, ameikata?" Sikujua. Basi anataka kuja kujionea. Mwanangu, nimelia kwa furaha.

Mama yako

Mombasa
20 Machi 2024

Mama mpenzi,

Mimi mzima, pole na jua la huko. Mwambie Baba sikio la kushoto lina pengo, vile vile anavyowakata ndama wake. Hapa watu huelekezana kwa wanyama wangu: shuka Pomboo, pinda Kasa. Yeye ashuke Fahali. Aseme siku tu. Miaka sita bila neno lake, Mama! Sikulikana boma lake.

Mwanao Njura

Kiambere
2 Mei 2024

Njura,

Natumai u mzima. Baba alikuja huko Jumanne bila kukuambia, alitaka kukushtukiza. Alipapasa sikio. Zima! Akarudi na basi la jioni ile ile. "Yule ni wa boma lingine," alisema, akalala bila kula. Mbona ulinidanganya? Ni mimi niliyemhakikishia.

Mama yako

Mombasa
9 Mei 2024

Mama,

Nisamehe, sitauliza hali. Nilikuwa Malindi kwa kazi. Mafundi waliompaka fahali rangi waliona pengo wakadhani sikio limevunjika, wakaliziba kwa saruji. Eti wananisaidia! Leo nimepanda na patasi nikalikata upya. Picha imo humu. Msomee Baba leo leo, tafadhali.

Mwanao Njura

Kiambere
16 Mei 2024

Mwanangu,

Sina salamu. Kifua kilimzidi baba yako Jumatatu, akatuacha. Barua yako imefika leo. Nimeipeleka mochari nikamsomea yote, mhudumu akinitazama tu. Baba yako aliagiza usiitwe mazishini, nami kwa hasira nikakubali. Hilo ndilo linaloniua. Nimewaambia wazee hukukosa, mimi ndiye niliyekosa. Tunazika Jumamosi; barua hii naituma kwa basi la leo ikufikie kesho. Njoo umzike baba yako.

Mama yako