Zulia la Baba Halitoki Sebuleni

Nyumbani kwa Baba,
Barazani, penye cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Kabla sijasema lolote, hujambo? Shemeji yangu hajambo? Na wapwa zangu, yule mkubwa ameacha kuuma kucha? Kile kikohozi ulichoniandikia, kinachokushika kila baridi ikianza, kimekuachia? Usikichezee, mama. Vaa lile koti nililokushonea, hata kama watu wa huko wanaliona kama gunia. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa magoti, na habari za magoti utazipata humu humu. Baba naye anaendelea vizuri. Anakula, analala, na mashavu yamerudi kidogo.

Najua Kaka Meneja ameshakupigia simu. Huyo tulimpa jina la Meneja tangu utotoni, alipokuwa anatupangia zamu za kuosha vyombo na yeye mwenyewe hana zamu, na mpaka leo hajabadilika. Atakuwa amekuambia kwamba nimekuwa mbishi, kwamba nyumba inanuka, na kwamba Baba atapumzika vizuri zaidi kule stoo ya nyuma. La kwanza ni kweli. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mambo yenyewe yako hivi. Wakwe watarajiwa wa binti yake watakuja mwisho wa mwezi kutujua. Meneja hataki kuwapokea kwake ghorofani, anasema ni padogo, anataka wapokelewe hapa kwenye nyumba ya wazazi. Mimi nikasema karibuni sana. Ndipo akaanza kupanga. Zulia litolewe, likatupwe. Sebule iwekwe vigae vyeupe, vile vya kung'aa unavyoona benki. Na Baba, kwa kuwa zulia limeharibika kwa sababu yake, ahamishiwe stoo. Unaijua stoo yetu, Kitinda. Dirisha lake ni kama la kukatia tiketi. Tulikuwa tunaweka mkaa na baiskeli mbovu mle, na hata baiskeli ile ilipata kutu.

Nikamwambia Kaka, zulia halitoki na Baba hatoki. Akacheka. Akadhani nafanya utani.

Sasa nikueleze kwa nini sifanyi utani. Tangu Baba alipopigwa kiharusi, mguu wa kulia unaburuta. Kwenye sakafu tupu unateleza, na akiteleza mara moja tu hathubutu tena kusimama siku nzima. Lakini juu ya zulia, peku, unashika. Yule mama wa mazoezi ya viungo wa zahanati ndiye aliyeona hivyo. Alimsimamisha pale kwenye kiti chake, akamwonyesha yale maua mekundu yaliyofumwa kuelekea dirishani, akamwambia, "Mzee, leo tunakanyaga ua moja tu. Kesho tutaonana na la pili." Basi hiyo ndiyo barabara ya Baba. Anatoka ua hadi ua, mimi nimemshika kiuno. Na unajua huwa anaishia wapi? Pale penye alama yako ya pasi. Unaikumbuka? Ulikuwa na sare ya shule mkononi, pasi ikakuponyoka, kaa likaruka, zulia likabaki na doa jeusi kama ulimi wa ng'ombe. Baba akifika hapo husimama, huliangalia doa, hulipapasa kwa kidole gumba cha mguu, kisha ananiashiria turudi. Sijui anawaza nini. Mimi nadhani anakuamkia.

Ukimweka mtu huyo juu ya vigae vya benki, au kwenye saruji ya stoo, umemkalisha chini moja kwa moja. Sitaki kusikia neno lingine.

Habari ya harufu sikufichi, wewe ni damu yangu. Ilikuwepo. Baba mara nyingine hawahi choo. Akili inajua, mguu unachelewa. Mwanzoni nilifanya ujinga mtupu. Nilimwaga ndoo nzima ya maji ya sabuni, nikasugua kwa brashi ya kufulia mpaka jasho likanitoka, halafu nikamwagia manukato ya dukani juu. Zulia likakaa siku nyingi bila kukauka, na nyumba ikanuka kama mbuzi aliyenyeshewa mvua na kwenda harusini. Siku hiyo wifi yako, mke wa Meneja, ndipo alipoingia, na ndiyo siku iliyomkaa puani mpaka leo.

Muuguzi wa zahanati alinicheka sana. Akaniambia, Fundi, wewe unashona nguo za watu, umewahi kuona doa la chai likitoka kwa kulisugua? Unalisukuma ndani tu. Basi nikajifunza upya. Sasa likitokea jambo, sisugui wala simwagi. Napiga magoti na vitambaa vikavu vya pamba, nakandamiza kwa kiganja mpaka kitambaa kimenyonya, nabadilisha kingine, nakandamiza tena. Kisha siki iliyochanganywa na maji, kidogo tu, kwa kitambaa. Nilijaribu kwanza kwenye kona chini ya kabati nione kama rangi itatoka. Haikutoka, wazee walifuma kwa rangi ya kweli. Pakikauka nanyunyizia unga wa magadi, nauacha hapo mpaka kesho yake, halafu naupiga brashi laini kufuata manyoya yanakolalia. Harufu inaondoka na ule unga.

Vumbi la kawaida nalifagia kila asubuhi kwa ufagio laini, kabla Baba hajatoka chumbani. Na kila Jumamosi jua likiwa kali nalitoa nje lote. Mwanafunzi wangu wa cherehani ananisaidia kulibeba, tunalitandika juu ya ukuta wa ua, uso chini, na ninalipiga mgongoni. Ukilipiga usoni unavunja manyoya na kulitia vumbi ndani zaidi. Jirani yetu muuza mkaa hukaa mlangoni kwake kunitazama.

"Fundi, oa upate wa kukupigia hilo zulia!"

"Nikioa, bibi mkaa, ataleta na la kwao, nitakuwa na mazulia mawili ya kupiga!"

Anacheka mpaka anashika mbavu. Lakini wapo wasiocheka. Wapo wanaosema mwanamume mzima kapiga magoti mbele ya mkojo. Waseme. Magoti yangu yalikuwa yanajua kazi moja, ya kumwomba Mungu, sasa yanajua mbili, na sioni kama Mungu amekasirika. Yale maneno kwamba waheshimu baba yako na mama yako, tuliyakariri wote watatu, tena Meneja ndiye aliyepewa zawadi ya kuyakariri haraka kuliko wote.

Jambo jingine nililofanya, na hili ninajivunia kidogo, Mungu anisamehe. Nimemshonea Baba mito bapa ya kuweka chini ya kiti. Juu ni kitambaa cha rangi ile ile ya zulia, katikati pamba nzito, chini plastiki. Nikaweka na matamvua pembeni. Mgeni akiingia hajui ni nini, anadhani ni pambo. Naifua kila siku, inakauka kabla ya jioni. Baba siku ya kwanza aliyapapasa matamvua yale muda mrefu, kisha akanishika mkono. Yeye siku hizi hana maneno. Ana "mmm" ya ndiyo na "aa" ya hapana, basi. Siku hiyo alisema mmm.

Sasa sikia ya Alhamisi.

Nilikuwa barazani nashona. Meneja akaingia bila kubisha hodi, na wifi yako nyuma yake, leso iko puani tayari, na fundi wa vigae ameshika utepe wa kupimia. Sikuambiwa chochote. Nikawafuata ndani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, fimbo mapajani. Fundi wa vigae, mtu mzima mwenye adabu zake, akasimama mlangoni akasalimia. Meneja akampita, akakanyaga zulia na vile viatu vyake vya ofisini, akaenda mpaka katikati, akaanza kuonyesha kwa mkono. "Hili lote linaondoka. Kuanzia hapa mpaka pale ukutani."

"Viatu!"

Kitinda, nywele zilinisimama. Ni Baba. Ni sauti ile ile, ile iliyokuwa ikitukuta mlangoni tukitoka shule, ikatugandisha mguu mmoja hewani. Tangu augue hajawahi kutamka neno zima, na neno la kwanza Mungu alilomrudishia ni hilo.

"Amesema nini?" Meneja akauliza. Lakini ameshainama! Anauliza huku anafungua kamba.

"Amesema viatu," nikamjibu.

"Viatu!" Baba akarudia, na fimbo ikagonga chini.

Fundi wa vigae alikuwa ameshavua vyake zamani, amesimama peku kama mtoto wa shule. Meneja akavua kimoja, akavua cha pili, akavisukuma mlangoni. Na hapo ndipo wifi yako akakandamiza leso na kusema kwa sauti ya ushindi, "Haya, si mnasikia? Ndiyo hiyo harufu ninayoisema kila siku! Imeanza tena!"

Tukasikia wote. Ilikuwa kali kwa kweli. Mimi nikapiga magoti pale pale penye kiti cha Baba, mahali anapopata ajali zake, nikaweka pua kwenye zulia. Nikamwambia, "Shemeji, karibu. Inama hapa unuse."

Hakuinama. Fundi wa vigae akakohoa, akaangalia miguu ya Meneja, akaangalia dari.

"Mama," akasema polepole, "samahani, lakini hii si ya zulia. Hii ni ya soksi."

Wifi yako, ambaye nakubali ana haki zake, akageuza leso taratibu upande wa mumewe. "Baba watoto, hebu toka nje." Nikamtazama Baba. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka, Kitinda. Upande mmoja wa mdomo tu ndio unaocheka, lakini ulicheka kwa niaba ya pande zote mbili.

Sikuandikii haya ili umdharau kaka yetu. Hana roho mbaya. Siku Baba alipoanguka ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari, na mgongo wake mpaka leo unamuuma. Ni aibu tu inayomsukuma. Anaona wakwe watamdharau. Lakini mimi nasema hivi, kama wakwe hao watamdharau mtu kwa kuwa baba yake ni mgonjwa na amekaa sebuleni kwake mwenyewe, basi heri tuwajue mapema, binti hajaenda kwao.

Nje uani Meneja aliniambia, amevaa viatu vyake na uso umemvimba, "Usinifanye kichekesho. Nyumba hii ina watoto watatu. Kitinda akisema ndiyo, tumekuwa wawili, na fundi anaanza kazi Jumamosi ijayo."

Nikamjibu, "Mwambie Kitinda yako, nami nitamwandikia yangu. Na hata mkiwa wawili, fundi wako atanikuta nimeketi katikati ya zulia na Baba pembeni yangu. Atuwekee vigae juu yetu."

Nilisema, na nitafanya. Mimi si mtu wa makelele, unanijua. Nilikubali kuacha shule mapema ili ninyi msome, nilikubali cherehani wakati nilitaka uselemala, na sijutii. Lakini kwa hili sikubali.

Ijumaa asubuhi, baada ya sala, nilimsimamisha Baba kama kawaida. Akatembea ua, ua, ua, akafika kwenye alama yako ya pasi, akasimama. Nikajiandaa kumgeuza. "Aa," akasema. Akainua ule mguu wake wa kuburuta, akaliruka doa lako, akalikanyaga ua la mbele. Nimemshika kiuno kwa mikono miwili. Bado maua machache tu afike dirishani, aone barabara.

Basi nisalimie sana shemeji, umwambie suruali yake iko tayari. Wapwa zangu wabusu kila mmoja, na yule mama mwenye nyumba wenu anayekupikia uji ukiugua, mwambie nampa asante isiyo na mwisho. Hapa bibi mkaa anakusalimu, na Baba amesema mmm nilipomuuliza kama nikusalimie. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe afya, na siku moja akulete ukanyage zulia hili, peku.

Ni mimi kaka yako nikupendaye bila kupungua,

Fundi.

Nimesahau la muhimu. Usinijibu mimi, mjibu Baba. Andika kwa herufi kubwa, nitamsomea Meneja akiwepo. Na tafadhali jibu upesi, barua ifike kabla ya Jumamosi.