Maiti wa Bangwe

Mama Neema mpenzi,

Salamu toka Bangwe, ambako jua linakausha dagaa na wachungaji kwa pamoja. Sisi viongozi wa dini tunafundishwa lugha ya waokoaji tunaowahudumia kiroho kwenye maafa: majeruhi akivishwa kadi nyekundu ni mahututi, nyeusi ni maiti. Leo kwenye zoezi, mama mmoja muuza dagaa aliigiza maiti. Mimi na shehe mmoja ninayesoma naye tukabishana apewe kadi gani, maana alikuwa anakohoa. Pembeni alikaa askari wa zimamoto ambaye juzi alimwopoa mtoto ziwani akiwa ameshakufa. Maiti wetu akainuka, akamwuliza, "Baba, tangu juzi umekula?" Askari akaangua kilio. Mwezeshaji akafoka, "Maiti haongei!" Nasi tukaandika hilo daftarini.

Cheti nimepata. Nikifika usikitazame, niulize tu kama nimekula.

Wako,
Baba Neema