Sahani ya firigisi

Bunia, Alhamisi, 25 Desemba, jioni.

Upepo wa leo ni wa vumbi na ubaridi. Nimefagia ua mara tatu, na mara tatu vumbi limerudi. Mikono yangu inanuka vitunguu na moshi. Watu ishirini na watatu wamekula Noël katika nyumba hii, na mpishi ni mimi.

Ni mara yangu ya kwanza. Kila mwaka Baba ndiye aliyeita watu, na shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyesimamia sufuria. Mwaka huu shangazi hawezi tena kuinama kwenye moto. Baba tulimzika mwezi wa pili. Mimi na wanangu tumebaki katika nyumba yake, kwa hiyo Noël imeniangukia.

Sikuogopa kupika. Mchele ninaujua, samaki wa Kasenyi ninawajua.

Niliogopa sahani moja.

Kwetu, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkuu wa nyumba. Wanawake na watoto hawaigusi. Kuku wakiwa wengi, firigisi zote huwekwa kwenye sahani ndogo yenye mfuniko, na mkuu wa nyumba anazigawa kwa mkono wake. Sahani ya Baba ni ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu. Alikuwa anaita jina, mtu anapokea, na kila mmoja anajua nafasi yake katika ukoo.

Leo kuku walikuwa watano. Na wanaume wawili walikuwa wanaingoja sahani hiyo bila kuitaja.

Wa kwanza ni baba mdogo, mdogo wake Baba, aliyefika jana kutoka Mahagi. Wa pili ni kaka yangu Claude, mtoto wa kwanza wa Baba. Hawajasemeshana tangu msiba. Wiki ile barabara ya Mahagi ilikuwa haipitiki, hatukuweza kumpeleka Baba akalale karibu na babu. Claude akaamua tumzike hapa Bunia. Baba mdogo alifika siku nne baadaye, akasimama mlangoni, akasema, "Mumemuzika kaka yangu kama mupita njia." Akarudi Mahagi bila kuliona kaburi.

Kumpa baba mdogo sahani ilikuwa sawa na kumwambia Claude, mbele ya watu wote, kwamba alikosea. Ningempa Claude, baba mdogo angebeba mfuko wake na asingekanyaga tena hapa. Baada ya hapo nani angetukusanya? Mimi? Mshonaji wa sare za shule?

Naungama hapa. Saa nne asubuhi nilishika kisu nizikate zile firigisi vipande vidogo na kuzizamisha kwenye mchuzi. Asizipate mtu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, anachambua mchele. Nilidhani macho yake hayaoni tena mbali.

"Weye, iko nafanya nini?"

"Nakata, shangazi. Nitachanganya na mchuzi."

"Firigisi hapana kukatwa. Ukitaka kukata, kata kidole yako."

"Basi niambie. Nimpe nani?"

"Unaniuliza miye? Niko na miaka zaidi ya sabini, sijaionja hata siku moja. Ni kama unaniuliza habari ya Kinshasa, na miye Irumu yenyewe sijapita." Akachovya kidole kwenye sombe, majani yangu ya muhogo, akalamba. "Chumvi iko kidogo. Lakini watakula. Batu ya Noël hawana haya."

Nikaweka kisu chini.

Baada ya misa walianza kuingia. Wanawake na watoto walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanaume mezani. Kiti cha Baba, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, hakuna aliyekikalia. Baba mdogo alikaa upande wa kushoto wa kiti, Claude upande wa kulia. Wangeweza kugusana mabega kama kile kiti kisingekuwa katikati.

Tulianza na bugali, sombe na samaki. Baba mdogo alionja, akaniita. Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

"Mama, ambia huyu bwana asogeze chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu na mkono wa Claude. Claude hakuinua macho.

"Leki, ambia muzee mukono yangu ingali na bugali."

Claude ananiita leki, yaani mdogo wake, tangu utotoni, nami namwita yaya, kaka mkubwa. Leo neno lilitoka kavu. Nikaichukua chumvi mimi mwenyewe, nikaizungusha nyuma ya kiti cha Baba, nikampa baba mdogo. Wajomba wawili walicheka kidogo, kisha wakaacha.

Halafu ukafika wakati wa kuku.

Nilitoka jikoni na sahani nimeishika kwa mikono miwili. Kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua kumi, nimezipima maisha yangu yote. Nilifika nyuma ya kiti cha Baba nikasimama, na nikaona wote wawili wanaangalia mikono yangu, si uso wangu.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Yalipotea.

Nikasema, "Baba hakuniachia neno juu ya hii sahani. Siku zote aliipokea yeye. Leo sijui naiweka wapi. Munisaidie."

Nilisikia shangazi anakohoa jikoni.

Baba mdogo akanyoosha mkono. Nikampa, sikuwa na la kufanya. Claude akainamisha kichwa. Baba mdogo hakufunua mfuniko. Aliisukuma sahani polepole juu ya meza, ikapita mbele ya kiti kitupu, ikasimama mbele ya Claude.

"Mama, ambia huyu bwana: mwenye alizika ndiye mwenye anagawa."

Mpaka sasa sijui kama lilikuwa tusi au heshima. Nadhani hata yeye alikuwa bado hajaamua.

Claude akafunua mfuniko, akachagua kubwa kuliko zote, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Baba mudogo, pokea."

Akapokea. Akatafuna polepole, na sisi sote tukaiangalia taya yake. Alipomeza akapangusa vidole.

"Claude," akasema. "Chumvi."

Chumvi ilikuwa mbele yake mwenyewe, pale nilipoiweka. Claude aliinuka kidogo, akaichukua, akampa mkononi.

Watu wakaanza kula. Mimi nilirudi jikoni kupakua wali.

Kabla Claude hajaondoka, baba mdogo alimwuliza kaburi liko mbali kiasi gani. Claude akasema kwa pikipiki ni dakika kumi.

"Kesho asubuhi unipeleke. Lakini usifurahi bado. Niko na maneno, nitasemea pale pale."

"Ndiyo, baba mudogo."

Kwa hiyo bado ninaogopa. Maneno hayo siyajui, na kesho nitabaki hapa nikiosha vyombo vya watu huku masikio yangu yako barabarani.

Kuna jambo moja dogo zaidi.

Nilipokuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kurudisha sahani ya Baba jikoni. Chini ya mfuniko nilikuta kila mara nusu ya firigisi, imeumwa upande mmoja. Hakuniambia kitu, nami sikumwambia mtu. Nilikula nimesimama, haraka, kabla shangazi hajageuka.

Sasa hivi nilikuwa nakusanya vyombo. Sahani ya ukingo wa bluu ilikuwa mezani, imefunikwa vizuri, mbele ya mahali alipokaa Claude. Nikaibeba hadi jikoni, nikafunua niioshe.

Nusu. Imeumwa upande mmoja.

Shangazi alikuwa amenipa mgongo. Nimekula nimesimama.

Yaya Claude, kumbe miaka yote ile ulikuwa unaona?