Nimeandika Vipimo vya Uongo vya Mguu wa Mama Mkwe

Shangazi wa gazeti, shikamoo, nisamehe kwa mwandiko, naandika nimeegemea cherehani, na naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana jambo hili nimeshindwa kumwambia mtu yeyote uso kwa uso.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, nimeolewa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka kumi mama mkwe wangu tunayeishi naye alikuwa akiniita "wewe", wewe leta maji, wewe zima hiyo redio, chai yangu anaionja kisha anaisukuma kando bila neno, na mimi nikajikaza kisabuni kwa sababu mume wangu, fundi wa majokofu, ni mtoto wake wa pekee, na nilijua nikimwambia achague kati yetu nitamtesa bure. Mwaka jana miguu ya mama iliyokuwa ikivimba siku nyingi ikazidi, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, viatu vyote vikamkataa akawa anavaa ndara za mwanawe, tukampeleka kliniki, wakapima moyo na figo wakasema huko ni salama, ni maji tu yanayoshindwa kupanda, na dada mmoja mtaalamu wa viungo akanifundisha kumkanda.

Lakini si kule kukanda kwa kufinya tunakokujua, huku unapapasa tu, unaivuta ngozi taratibu kuelekea juu, unaanzia kwenye kinena na paja ili njia ifunguke, ndipo unashuka gotini na kwenye kifundo, nusu saa kila siku, kisha unafunga bendeji kuanzia vidoleni. Kila Jumamosi nilitakiwa kupima kifundo, shavu la mguu na chini ya goti kwa futi yangu ya ushonaji, niandike kwenye daftari, niupige picha ukurasa nimtumie, na aliniambia mara tatu kwamba mguu ukipata moto, ukiwa mwekundu, au mama akitetemeka kwa homa, nisiuguse, nimlete siku hiyo hiyo.

Shangazi, sijui nikuelezeje hiyo nusu saa. Yule mama aliyekuwa akinitazama kwa jicho la pembeni alikuwa akilegea mikononi mwangu, ananisimulia ujana wake, siku moja akacheka akasema, "Mikono yako ina akili kuliko mdomo wako," na mwezi wa tatu akaniita mwanangu, nikainama nikajifanya natafuta pini ya bendeji kumbe nalia.

Sasa Jumamosi iliyopita nilifungua bendeji nikakuta kati ya vidole viwili vidogo vya mguu wa kushoto pamechanika, kifundo kimeongezeka sentimita nne, na wekundu umepanda mpaka kwenye shavu la mguu, unaunguza kama pasi iliyozimwa sasa hivi. Nikamwambia, "Mama, huu mguu twende nao kliniki leo."

Akanikamata mkono. "Twende wapi? Dada yangu aliingia mule na miguu miwili akatoka na mmoja, na mwezi haukuisha tukamzika. Andika zile za wiki iliyopita."

"Mama, yule dada alisema..."

"Yule dada ni nani kwangu? Nakwambia wewe, mwanangu. Ukimwambia mume wako, mguu huu hutaushika tena mpaka nife. Niahidi."

Nikaahidi, na nikaandika zile za wiki iliyopita, Shangazi, nikatuma, na kliniki ikanijibu hongera, endelea hivyo hivyo. Tangu hapo naendelea kumkanda, kwa wepesi zaidi, najiambia ule moto ni damu inaanza kutembea. Jana alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akamwambia mwanawe ni kibaridi tu, akajifunika shuka. Leo Jumatatu hajala kitu, na wakati namkanda ameniita kwa jina la marehemu dada yake.

Nivunje ahadi nimpoteze, nirudi kuwa "wewe", au nisubiri siku mbili tatu huenda ukapungua? Namba yangu nimeiandika chini.

Fundi wa nguo

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, barua yako ilinifikia Jumamosi, siku ya tano tangu uiandike. Nilipofika kwenye "kibaridi" sikuimaliza, nikapiga ile namba. Akapokea mumeo. Nikajifanya mteja mwenye gauni kwako.

"Mama, utatuwia radhi," akasema, "mke wangu hashoni wiki hii. Jana tumemzika mama yangu. Amechoka sana, alimhudumia mpaka pumzi ya mwisho. Mkwe wa namna ile hapatikani." Nikampa pole, nikakata simu, nikarudi kuimalizia barua yako.

Jioni uliipiga mwenyewe ile namba iliyobaki kwenye simu, nikajitambulisha. Ukanieleza kwamba Jumatano mlimkimbiza hospitali kwa gari la jirani akiwa hajitambui, na daktari akasema vijidudu viliingilia pale palipochanika vikaenea kwenye damu. Ukaniruhusu niichape barua yako, na ukaniuliza swali moja: umwambie mumeo, au ukae nalo moyoni? Jibu hili nimekusomea kwa simu siku nne kabla halijatoka, ili mumeo asilikute gazetini kabla hajalisikia kwako.

Nitakugombeza kwanza, kwa sababu ukisikia pole peke yake utaimeza na kujificha nyuma yake. Wewe ni fundi. Ukikosea sentimita moja kwenye kiuno cha mteja unafumua nguo nzima usiku na mchana mpaka ikae sawa. Sentimita nne kwenye mguu wa mtu mzima unaowaka moto ukazipitisha! Kliniki haikuwa na macho mengine zaidi ya lile daftari lako, na wewe ukayafumba. Wala usiniambie ulikuwa unalinda ahadi. Ulikuwa unalinda nusu saa yako. Umeandika mwenyewe, soma tena: hukuniuliza kama mama atapona, umeniuliza kama utarudi kuwa "wewe".

Sikulaumu kwa kuitamani nusu saa hiyo. Mtu aliyeshindishwa njaa ya neno moja miaka kumi akilipata halitemi kirahisi, na yule mama, Mungu amrehemu, alilijua hilo na akalitumia. Kwa kweli hapo nilimkasirikia marehemu, nisamehewe. Alikuwa na hofu yake, hofu ya kweli, na Jumamosi alikuwa na akili timamu. Mguu ni wake na alikataa kwa mdomo wake. Sehemu hiyo ya mzigo si yako, usiibebe. Hata siku hiyo ulitakiwa kumwita mwanawe aje ambembeleze, maana ahadi ya kuficha ugonjwa haifai kutolewa. Lakini Jumatatu alipokuita kwa jina la dada yake, hakuwa tena mtu wa kukubali wala kukataa. Siku hiyo ilikuwa yako kuamua, na ukaniandikia mimi barua ya posta.

Je, angepona mngekwenda mapema? Sijui. Pengine. Usimruhusu mtu akuambie hakika kwa upande wowote.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mnamkanda mzazi nyumbani: kazi hiyo ni nzuri, msiiache kwa sababu ya barua hii, fundishweni tu na mtu wa kliniki na mfuate anavyosema. Kila siku tazameni katikati ya vidole, paoshwe, pakauke. Ila mguu ukiwa na moto, wekundu, au mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au mgonjwa akitetemeka, akikosa pumzi, akianza kuchanganya watu, toeni mikono mara moja na mwende hospitali. Akigombana, agombane akiwa njiani.

Sasa wewe. Mwambie. Mumeo anakusifia kwa kila anayekuja kutoa pole, na wewe umekaa pembeni unameza. Hutaweza kumeza miaka ishirini, na siku siri hii ikikutoka katikati ya ugomvi wa chumvi itamuumiza mara mbili. Kesho akitoka kazini mwache aoge, ale, kisha chukua lile daftari uliweke mbele yake, limefunguka ukurasa wa Jumamosi. Usianze na "mama aliniapisha", marehemu hana namna ya kujibu. Anza na "niliandika uongo". Keshokutwa nenda kliniki umwambie yule dada vilevile, maana bado anaamini dawa ya mikono yake ilikuwa inakwenda vizuri, na kuna wagonjwa wengine wanaotuma picha za madaftari.

Mumeo anaweza kupiga kelele. Anaweza kwenda kulala kwa rafiki yake wiki nzima, na anaweza asirudi kuwa yule yule. Sikuahidi chochote. Utakapomaliza kusema, usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, wala usilie ili akubembeleze. Mama yake alikuwa anakufa chumba cha pili na hakuna aliyemuuliza yeye. Mwache aulize, na umjibu kila swali.