Msururu wa Taa Uliouona, Baba

Keko, Temeke
Alhamisi asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na kamwene pia, usije ukasema Dar imenisahaulisha Njombe. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Yule ng'ombe mwekundu bado anapiga mateke akikamwa? Eliza aliniambia ulezi umekubali mwaka huu, nikafurahi sana. Mimi ni mzima, ila vidole vyangu vimejaa matundu ya pini za stepla, na hayo si maradhi, ni kazi.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei. Nimepiga wiki mbili. Mdogo wangu Eliza anapokea, anasema, "Baba yuko zizini," nami nasikia kabisa unakohoa hapo karibu yake. Basi barua haikatwi, Baba. Unaweza kuikunja tu, na ninavyokujua, ukishaikunja utaikunjua tena.

Nianze na kosa langu. Jumapili ile ulinipigia una furaha sijapata kuisikia tangu Mama atutoke. Ulisema umetoka alfajiri kwenda kukama, ukatazama juu, ukaona taa nyingi zimejipanga mstari mmoja, zinafuatana kimya kimya kama wanafunzi wanaoingia darasani. Ukaniuliza, "Upendo, au ndio wenyeji wa huko juu wametutembelea?" Nikacheka. Ningeishia kucheka ingekuwa afadhali. Nikakwambia usiwasimulie watu, watasema umeanza yale ya Babu. Ukajibu "Haya," ukakata simu.

Tangu siku hiyo, anasema Eliza, hukami mpaka jua liwe limetoka. Kanisani umemwachia mwingine kusoma masomo. Ukipoteza miwani unakaa kitako na kunyamaza badala ya kuitafuta. Najua unachoogopa. Babu naye alianza kwa kuona wageni uani, mwisho akawa hatujui hata kwa majina. Neno lile nililisema mimi, mwanao, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nisamehe.

Sasa nikueleze nilivyojua kwamba nimekosa, maana sikujua kwa akili yangu mwenyewe.

Hapa Keko, nikishamaliza kuvisha sofa za wiki vitambaa, Jumamosi alasiri tunakaa watu wanne mbele ya banda, juu ya sofa hizohizo, tena na nailoni yake. Wapita njia wanadhani sisi ni wateja. Tunajiita Wabishi. Yupo Mzee Abeid, mwenye duka la misumari na vitasa kule Mtoni. Babu zake walitoka Uarabuni, yeye anasema ametoka Temeke. Yupo Mwalimu Neema, binti wa Singida anayefundisha fizikia sekondari. Na yupo fundi Shomari, ninayechangia naye banda. Yeye anatengeneza fremu, mimi naweka sponji na kitambaa. Kazi yetu hapo ni kubishia habari za ajabu: dawa inayotibu kila kitu, namba ya simu inayoua ukiipokea, mambo kama hayo. Lakini tuna sheria moja. Ukisema "uongo" kabla hujauliza wala kuchungulia, unanunua kashata za wote na unazungusha sahani mwenyewe, wenzio wamekaa.

Mwezi uliopita ilizuka video ya viumbe waliotoka sayari nyingine, wamejificha darini kwenye nyumba moja kule Chamazi, si mbali na uwanja wa mpira. Weupe, wamesimama wima, wana macho meusi na vichwa vinavyoyumba kama vya walevi. Shomari aliapa kwamba ni kweli. Mzee Abeid alifungua mdomo aseme "uongo", akaufunga, kwa kuwa kashata za wiki mbili mfululizo zilikuwa zake. Akasema, "Twendeni tukachungulie."

Tulikwenda wote. Mwenye nyumba alishahamia kwa dada yake, na godoro kabeba, akaja tu kutufungulia. Neema alipanda ngazi na tochi, akakaa huko kitambo, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Vifaranga vya bundi," akasema. "Vitatu. Vinaogopa kuliko nyie."

Mwenye nyumba akashika kichwa. "Bundi? Darini kwangu? Jamani, bora wangekuwa hao wa sayari nyingine!"

Nakwambia Baba, hakulala ndani mpaka vilipoota mabawa vikaruka. Wageni wa angani alikuwa radhi kuwapikia chai, ila bundi hapana.

Tangu hapo mjadala wetu ukawa ni huo tu: je, huko juu kuna mtu? Neema alitueleza kwamba wako wataalamu wamemaliza umri wao wakielekeza masahani makubwa angani, wakisikiliza kama kuna anayeita. Mpaka leo hawajasikia la kuaminika.

"Si ndo hawapo basi!" akasema Shomari.

"Ukipiga hodi nyumba moja ya Keko usiitikiwe, utasema Temeke nzima imehama?" Neema akamuuliza.

Mzee Abeid alikuwa anapuliza kahawa yake. "Mie sioni kwa nini Mungu aumbe anga lote lile kwa ajili ya Temeke peke yake," akasema. "Lakini sijawaona, kwa hiyo siapi."

Hayo mazungumzo nayapenda, Baba, yananifanya nijihisi tena niko darasa la nne mbele yako. Ndiyo maana naona aibu kwa nilichofanya Jumamosi ile baada ya simu yako. Niliwasimulia habari zako nikitaka wacheke. Niliiga hata sauti yako. Hakucheka mtu.

"Ilikuwa saa ngapi?" Neema akaniuliza.

"Sijui," nikajibu.

"Zilitokea upande gani? Zilikuwa zinazimika na kuwaka, au zimetulia?"

"Sikumuuliza," nikasema. "Nilimwambia tu aachane na mambo hayo."

Mzee Abeid akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mzee wako katazama, wewe umekataa. Sasa wewe ni mbishi wa namna gani?"

Na Shomari, asiye na huruma, akanyoosha mkono: "Sista, kashata!"

Nikazinunua na kuzungusha sahani, macho chini. Kisha nikampigia Eliza palepale. Akaninong'oneza kwamba yote uliyaandika. Nilipaswa kujua! Miaka yote ya ualimu, lini uliona kitu usikiandike? Usimkasirikie, Baba, nilimwomba mimi. Alilitoa lile daftari la mahudhurio la zamani akatusomea, simu imewekwa sauti, sisi wanne tumeinamia: saa kumi na moja na robo alfajiri. Zimetokea nyuma ya mlima, zimepita juu ya mkaratusi, zimeishia upande wa kanisa. Taa arobaini na tatu. Hakuna sauti. Haziwaki na kuzima. Kama dakika nne. Miwani niliiacha ndani, lakini vya mbali naviona vizuri.

Halafu Eliza akasita. Akasema kuna mstari mwingine umeukatakata kwa kalamu, ila unasomeka: Je, ni macho au ni kichwa?

Niliinuka nikaenda kusimama nyuma ya banda, kwenye maranda, nikalia.

Niliporudi, Neema alikuwa anapekua simu yake. Ana programu inayoonyesha vyombo vyote vinavyopita angani, vya leo na vya siku zilizopita. Akalinganisha saa, akalinganisha upande, akamwomba Eliza arudie kusoma. Kisha akasema, "Huyu mzee hajakosea hata neno moja." Ni satelaiti, Baba, mitambo ya intaneti. Hurushwa nyingi kwa mkupuo mmoja, na kabla hazijatawanyika kila moja mahali pake, hutembea hivyo, moja nyuma ya nyingine. Jua huzipata huko juu kabla halijatufikia sisi chini, ndiyo maana ziling'aa alfajiri.

Lakini mimi nikasema safari hii sikubali wala sikatai mpaka nione. Wiki hii zimerushwa nyingine, na Neema akatutajia jioni za kuzitazama. Juzi tulisimama kwenye kiwanja nyuma ya duka la Mzee Abeid, mawingu yakatufunika, tukarudi tunakwaruzana. Jana, mara tu baada ya magharibi, tukasimama tena. Shomari ndiye aliyeanza kupiga kelele. Zikatoka juu ya mapaa, Baba, kimya, zimenyooka, hazisukumani. Nilihesabu mpaka ishirini na tisa, machozi yakanivurugia hesabu. Wewe peke yako, bila miwani, na ndoo ya maziwa mkononi, ulifika arobaini na tatu.

Kwa hiyo kichwa chako ni kizima, na macho yako yanayashinda ya kwangu. Hukusema ni wageni; uliuliza, na swali lako mpaka leo hakuna wa kulijibu, hata wenye masahani. Tena nimeanza kujiuliza jambo jingine linaloninyima raha. Babu alipokuwa akisema kuna wageni uani, yuko yeyote kati yetu aliyetoka nje akatazama?

Barua hii inaondoka na basi la kesho alfajiri, Eliza ataipokea stendi jioni. Neema anasema taa hizo za jana zitapita juu yenu Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, zikitokea nyuma ya mlima kama zile za kwanza. Huenda zitakuwa zimeanza kuachana. Huenda ukungu ukazificha. Hilo hakuna anayeweza kuliahidi. Toka nje, Baba. Mwamshe Eliza awe shahidi, na yule jirani yetu mzee wa kanisa anayekutazama kwa huruma, mgongee dirisha naye atoke. Akisema "uongo" kabla hajainua kichwa, sheria unaijua.

Nisalimie Shangazi muuza viazi, umwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie shemeji fundi baiskeli, na mchungaji wetu, umwambie mwezi huu nataka kusikia kwamba masomo umesoma wewe. Eliza mpe ahsante yangu kwa kunong'ona. Wabishi wote wanakusalimu. Mzee Abeid anakuita "mwenzangu" ingawa hamjaonana, na Neema anaomba kunakili ukurasa ule wa daftari, pamoja na mstari ulioukata.

Jumapili alfajiri nitakuwa nimekaa kitandani, simu iko mkononi. Ukinipigia usianze na salamu, Baba. Anza na idadi.

Mwanao,
Upendo