Hatua Mbili Juu: Maelezo ya Abundio Palmares

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Santa Ines, Mkoa wa Iloilo
Kuhusu: Kutoonekana kwa Cherilyn Dioso, miaka 20
Jina la shahidi: Abundio Palmares
Umri: Miaka 63
Kazi: Mkodishaji wa spika na mashine za kuimbia
Makazi: Mtaa wa Rizal, nyuma ya soko
Tarehe: 19 Mei 2023, saa 3:15 asubuhi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu. Naishi peke yangu tangu mke wangu afariki mwaka 2018, na watoto hatukujaliwa. Cherilyn, ambaye sote tunamwita Che, nilianza kumfundisha kuimba mwaka huohuo. Kila siku alikuja kwangu saa kumi jioni, akanywa maji ya tangawizi, akaimba, kisha tukala. Mimi huniita Tay, yaani baba, na majirani huniita Tay Abon. Mpaka leo napika wali wa watu wawili, mkono haujazoea.

Huku kwetu anayetaka kuimba huzunguka sikukuu za miji akishindana, mpaka siku atakaposikiwa na mtu wa Manila. Che alizunguka miji kumi na mmoja. Mwezi wa nne video yake ilimfikia Bi. Lirio wa kampuni moja ya muziki. Alituma ujumbe kwamba kwenye simu kila mtu ana sauti nzuri, kwa hiyo atakuja kwenye sikukuu yetu ya San Isidro asikie kwa masikio yake.

Mnamo tarehe 14 Mei 2023, Jumapili, saa 1:30 asubuhi, Che alikuja nyumbani akirukaruka. Alisema, "Tay, nikimpendeza Bi. Lirio naondoka naye Jumatano! Nimeshafunga begi."

Nikamwambia, "Vizuri, mwanangu. Kula kwanza."

Alipoondoka niliosha vyombo vilevile mara mbili. Niliogopa nyumba yangu, Sajenti. Sina neno jingine la kuiita ile hali.

Shindano lilianza saa nane mchana katika uwanja wa mpira wa kikapu. Spika zilikuwa zangu na mashine ya sauti nilikuwa naiendesha mimi. Kila mshindani huleta muziki wake kwenye flashi, umepangwa kulingana na koo lake. Kwenye mashine kuna kitufe cha kuupandisha uwe mwembamba zaidi au kuushusha uwe mzito, bila kuongeza kelele. Ukiupandisha hatua mbili, msikilizaji hagundui kitu. Koo la anayeimba ndilo linalojua.

Saa 9:20 alasiri mshereheshaji alimwita Che, akatania, "Wenye kuku fungeni mabanda, huyu akipaza sauti hawatagi mwezi mzima!" Watu wakacheka. Mama yake, Nida Dioso, alikuwa mstari wa mbele, karibu na Bi. Lirio.

Nilibonyeza kitufe mara mbili. Hakuna aliyenituma na sikupewa kitu.

Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri. Kwenye kiitikio nikaona mishipa ya shingo imemsimama. Hakutazama watu, alinitazama mimi. Sheria ni kwamba ukisimamisha muziki umetoka, kwa hiyo akaendelea. Ningeweza kuushusha. Mkono wangu ulikuwa palepale na sikuushusha. Ile sauti ya mwisho, ambayo kwangu ameipata mara mia, ilipasuka.

Mshereheshaji akasema, "Haya, kuku wamepona!" Walicheka tena. Bi. Lirio alimwambia mama yake, "Ana sauti, mama, ila hajaiva. Tutaonana mwakani." Akaingia kwenye gari lake.

Saa 10 kasorobo Che alikuja kwenye mashine. Nilikuwa nimesahau kurudisha, namba mbili bado inawaka. Aliigusa kwa kidole.

"Tay, umeigusa hii?"

"Labda ni hitilafu."

"Mashine ya miaka tisa ambayo hata fundi hujawahi kumruhusu aishike?"

Nikaanza kukunja nyaya. Akasema, "Ungeniambia tu nisiende."

"Ungekaa?"

"Hapana. Ningeenda. Lakini ningekuwa nakupigia simu kila Jumapili."

Alivua viatu vyake virefu, akavishika mkononi, akaelekea stendi ya mabasi. Sikumfuata. Tangu hapo sijamwona.

Tarehe 16 Mei, saa 12 asubuhi, Nida alikuja kwangu kuuliza kama Che yuko. Nikajifanya sijui lolote. Alilia, akasema, "Mimi ndiye niliyemharibia, Tay Abon. Kabla ya kupanda jukwaani nilimpa barafu ya maziwa. Nilimwonea huruma kwa lile joto." Sokoni nako wanamsema hivyohivyo, kwamba mama gani anampa mwimbaji kitu cha baridi. Amekunja meza yake ya kuuzia wali, hatoki nje. Siku tatu nimemwacha aubebe mzigo wangu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Naomba Nida aambiwe kwamba barafu haikufanya kitu. Ni mimi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona, nimesomewa yote na ni ya kweli.

(Sahihi) A. Palmares

MAELEZO YA AFISA
Nimeyaandika na kumsomea shahidi kwa lugha anayoielewa. Saa 4:50 asubuhi, shahidi akiwa bado ameketi kwenye benchi la nje, Cherilyn Dioso alipiga simu kituoni. Yuko salama na aliondoka kwa hiari yake. Ameomba mama yake apewe namba yake ya simu, na Bw. Palmares asipewe. Nilimjulisha Bw. Palmares. Hakuuliza yuko mji gani. Aliuliza kama sauti yake imekauka. Nikamjibu kwamba haijakauka. Alishukuru, akaomba aende kumwona mama wa binti, nikamruhusu.

(Sahihi) Sajenti Rowena Magbanua